Opareta Hakutaka Kelele

Nilikaa chumba kimoja cha kazi na Opareta kwa miaka mingi, na sikumbuki jioni hata moja niliyofika nyumbani bila kumlalamikia kwa mume wangu. Mume wangu alikuwa akivua viatu na kuniuliza, "Leo amefanya nini tena?" Na hakukosa kufanya kitu. Leo amefungua mashine ya ofisi na kutandaza skrubu zake juu ya kadi za wagonjwa. Jana alimkatia daktari simu kwa sababu daktari alikuwa anatafuna mahindi huku anaongea. Juzi alinifukuza mimi, karani wa mapokezi, kwenye chumba cha mapokezi, eti viatu vyangu vinalia.

Hospitali yetu ilikuwa ya misheni, nje kidogo ya mji wa Kitui. Chumba chetu kilikuwa pale mlangoni, kidogo, na paa la bati lisilo na dari. Upande mmoja nilikuwa mimi na dirisha la kuzungumza na wagonjwa. Upande wa pili ilikuwa swichibodi, ile mashine ya zamani ya kuunganisha simu, yenye matundu na nyaya, na mbele yake alikaa yeye. Alikuwa haoni kabisa. Jambo hilo alilitaja kwangu siku ya kwanza tu, nilipotaka kumwonyesha kiti. "Mama, mimi sioni, lakini sijapotea," alisema, akakivuta kiti mwenyewe na kunikanyaga mguu.

Alikuwa na jina, bila shaka, lakini hakuna aliyelitumia. Hata mkewe alipopiga simu kutoka dukani katika soko la Kwa Vonza, alikokuwa akikaa na watoto, alisema, "Nipe Opareta," naye akajibu kwa sauti ile ile ya kazi, "Ndiye huyu. Nikuunganishe na nani?"

Masikio yake yalikuwa taabu kwetu sote. Alijua ni muuguzi gani amepita kwenye korido kwa jinsi anavyoburuta ndara. Alijua mume wangu na mimi tumegombana kwa namna nilivyoweka mkoba mezani. Niliwahi kuingia kazini nimechelewa kidogo, nikapita kwa vidole vya miguu, nikaketi. Baada ya muda akasema, bila kugeuka, "Umetembea vizuri sana, Mama Mwende. Basi lilikuacha?"

Alikuwa na msemo wake mmoja uliotuchosha. "Kelele ni takataka," alikuwa akisema. "Mtu akikumwagia takataka mezani utamfukuza. Mbona kelele mnaivumilia?" Kwa ajili ya msemo huo tuliacha kuburuta viti. Tuliweka kitambaa chini ya sahani ya vikombe. Mlango wetu ulipakwa mafuta hadi mikono ya wagonjwa ikawa inateleza kwenye komeo.

Na mtu huyo huyo, akinywa chai, ungedhani ng'ombe amefika mtoni. Alikuwa akiimba nyimbo za kanisa lao kwa sauti nzito isiyofuata mpangilio wowote, akipiga meza kwa vidole, na kadi zangu zikiruka. Nilipomwambia hiyo nayo ni kelele alishangaa kabisa.

"Hiyo ni wimbo," alisema.

"Wimbo gani ambao mtu hawezi kuujua?"

"Wewe ni wa kanisa lingine, ndiyo maana."

Lakini lazima niseme na upande mwingine, maana nilikuwepo na niliuona. Simu za siku hizo zilikuwa mbovu. Mtu akipiga kutoka Mutomo au Mwingi ungesikia kama mvua inanyesha kwenye waya, na ndani ya mvua hiyo, mbali sana, sauti ya mtu. Mimi niliposhika simu hizo wakati Opareta yuko likizo, nilikuwa nasema "Halo, halo" kisha naweka chini. Yeye alikuwa anainama, anafumba macho ambayo hata hayaoni, anatulia. Kisha anasema taratibu, "Nimekusikia, mama. Unamtafuta mtoto, alilazwa Jumatatu. Usikate." Halafu anapiga wodi. Isipojibiwa anapiga tena. Nimemwona akipiga wodi ya watoto hadi muuguzi akaja mwenyewe mlangoni amekasirika, na Opareta akamwambia, "Vizuri umekuja. Kuna mama yuko kwenye simu Mwingi, na anaongea akiwa amesimama."

Sijui alijuaje kwamba amesimama.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa, mimi na hasira zangu na yeye na masikio yake, mpaka kompyuta ikaja.

Ililetwa na wageni wa kanisa kutoka ng'ambo. Ilikuwa imetumika huko kwao, sanduku refu la rangi ya maziwa yaliyochacha, na pamoja nayo kikaja kisanduku kingine kidogo chenye spika. Hicho kidogo ndicho kilichokuwa cha ajabu. Ukiandika neno kwenye kompyuta, kisanduku kinalisoma kwa sauti, ili mtu asiyeona ajue alichoandika. Kilijua Kiingereza tu. Kilikuwa na sauti ya Mzungu mwenye mafua, na majina yetu yalikishinda. Mutua akawa Myuchua. Kyalo akawa Kailo. Opareta alijifunza Kikamba hicho kipya kwa juma moja, akawa anajibu nacho simu kwa mzaha.

Msimamizi wa hospitali alikuja kutueleza. Alikuwa mtu mpole, mwenye haraka siku zote, anayeongea huku ameshika mlango. "Mzee, simu mpya zinakuja," alimwambia Opareta. "Zinajiunganisha zenyewe. Hii swichibodi itaondolewa. Ukiweza kupiga chapa barua za madaktari kwa hiyo kompyuta, utabaki na kazi. Usipoweza, sina mahali pa kukuweka."

"Nitaweza," alisema Opareta.

"Na meza nyingine siwezi kuongeza. Hilo lidude lipate mahali humu humu."

Humu humu palikuwa miguuni pangu. Hapakuwa na nafasi nyingine. Kompyuta iliwekwa chini, kati ya kiti changu na swichibodi, na feni yake ya nyuma ikawa inanipulizia hewa ya moto magotini kuanzia asubuhi hadi jioni, mwezi wa Oktoba, wakati Kitui nzima inangoja mvua na bati la juu linalia kwa joto. Nilikwenda nyumbani na miguu imevimba. Lakini mimi nililalamikia joto. Yeye alililia kelele.

Feni ile ilikuwa inavuma kama kinu cha kusaga mahindi kilicho mbali. Ndani yake kulikuwa na mlio mwingine, wa diski, kama mtu anayekuna sufuria kwa kucha. Kile kisanduku cha kusema kilikuwa na sauti ndogo, na kikimezwa na mvumo huo Opareta anakosa neno, anarudia, anakosa tena. Sikio moja lilikuwa na kifaa cha swichibodi. La pili lilitakiwa lisikie kompyuta, wagonjwa, mlango na mimi. Nilimshauri aweke kifaa cha masikio upande huo nao.

"Na mtu akiingia?" aliuliza.

"Nitakuambia mimi."

"Na wewe ukienda chooni?"

Sikupenda kuulizwa hivyo mbele ya wagonjwa.

Kisha likatokea jambo la Musyoka na Musyoki. Katika wodi ya wanaume walilazwa wawili, mmoja Musyoka, mwingine Musyoki, na asubuhi hiyo Musyoka alikuwa amefariki. Mtu akapiga simu kutoka upande wa Mutomo, na ile mvua ya kwenye waya, na feni inavuma chini. Aliuliza habari za Musyoki. Opareta akasikia Musyoka. Akauliza wodi, wodi ikathibitisha, akarudi kwenye simu na kumpa yule mtu pole, kwa upole wote aliokuwa nao.

Alasiri pikapu iliingia getini na jeneza nyuma. Wanawake walikuwa wanalia. Mzee mmoja, baba mtu, alishushwa akashikiliwa pande zote mbili. Walipelekwa wodini ili wapewe vitu vya marehemu, na huko wakamkuta Musyoki ameketi kitandani anakunywa uji.

Yule mzee alikuja akakaa chini, kwenye sakafu ya korido, mbele ya dirisha langu. Hakugomba. Alikuwa akipumua tu. Opareta akavua kile kifaa cha sikioni, akaacha swichibodi ikiita, akatoka nje akipapasa ukuta, akaenda kukaa sakafuni karibu naye.

"Ni mimi nilisema," alimwambia. "Sikusikia vizuri."

Mzee alimtazama. "Sasa hili jeneza nilipeleke wapi?" aliuliza.

Mwisho watu wa Musyoka, yule aliyefariki kweli, ndio waliolichukua lile jeneza, lakini hiyo ni habari nyingine. Ninachokumbuka ni kwamba Opareta aliporudi kitini hakuimba, siku hiyo wala juma hilo. Nilidhani sasa ataikataa kompyuta. Hata nilifurahi kidogo, kwa ajili ya miguu yangu. Lakini hakuwa na njia ya kuikataa. Swichibodi ilikuwa inaondoka. Ilibidi aishi na ile mashine, na ilibidi ile mashine inyamaze.

Alianza na njia ya mkato. Nilitoka kwenda kunywa chai, niliporudi chumba kilikuwa kimetulia ajabu. Kisanduku kinasoma barua, kila neno linasikika. Opareta amekaa kama mfalme.

"Umefanya nini?"

"Nimekata waya wa feni."

"Na joto je?"

"Joto gani? Ni mashine ya kuandika, si jiko."

Kabla ya saa sita nilisikia harufu ya mpira unaoungua. Kompyuta ikakohoa, ikazimika, na moshi mwembamba ukatoka nyuma. Ile sehemu ya kuingizia umeme, pawasaplai, ilikuwa imeungua. Sikusema kitu, na nadhani kutosema kwangu ndiko kulikomuudhi zaidi. Msimamizi alipita, akanusa, akasema kuna shule moja imeomba kompyuta, labda tuwape.

"Imeharibika," alisema Opareta.

"Wataitengeneza."

"Nipe hadi mvua ianze," alisema Opareta. "Itafanya kazi, haitasikika, na itatoka miguuni pa Mama Mwende." Alinitaja mimi kwa sababu alijua msimamizi amenisikia nikilalamika. Ndivyo nilivyoingizwa kwenye jambo hilo, bila kuulizwa.

Kuanzia siku hiyo nilikuwa na kazi mbili. Nilimsindikiza kwa mwenye duka la redio mjini, Mwislamu mmoja ambaye wazee wake walitoka Pwani, mtu msafi, mwenye Kiswahili cha kukunjuka. Opareta alimwambia, "Hii kitu imeungua." Yule akamjibu, "Kitu hiki kimeungua, ndiyo." Opareta akasema amekuja kununua, hakuja shuleni. Nikasimama katikati kama msuluhishi mpaka tukapata pawasaplai nyingine. Na ilikuwa yule yule, baada ya kurushiana maneno, aliyemfundisha jambo la maana. Feni ndogo lazima ikimbie sana ili isukume hewa, ndiyo maana inapiga kelele. Feni pana inaweza kwenda polepole na hewa ikawa ile ile. Akampa feni pana iliyotolewa kwenye mashine ya fotokopi iliyokufa, na akamwonyesha waya wa kuipunguzia umeme ili izunguke taratibu.

Opareta aliipapasa feni hiyo njia nzima ya kurudi. "Sikia," alikuwa akisema, akiizungusha kwa kidole karibu na sikio langu. Sikusikia kitu. "Ndiyo," alisema. "Ndiyo hiyo."

Nyumba ya vitu hivyo ikawa tatizo la pili. Lile sanduku refu halikuwa na mahali pa feni pana, na halikuingia popote ila chini. Chini ya swichibodi kulikuwa na rafu, fupi, ambapo tuliweka vitabu vya namba za simu. Opareta aliipima kwa shubiri zake, kwa upana, kwa kimo, kisha akaipima tena, kisha akanipa mimi niipime, kisha akasema mkono wangu ni mdogo na kuipima tena yeye.

Tukaenda soko la Kabati, kwa fundi anayetengeneza masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni. Alikuwa akipiga nyundo uwanjani, na masanduku yaliyokwisha yamepangwa, mengine yamepakwa maua mekundu.

"Nataka ndogo," Opareta alimwambia, akionyesha kwa mikono. "Kama ya mtoto, lakini fupi zaidi. Na ikae kama imelala."

"Ya kuweka nini, mzee?"

"Kompyuta."

Fundi akanitazama mimi. Nikainua mabega.

"Chini utoboe matundu mengi," Opareta aliendelea, "na juu tundu moja kubwa, la mviringo. Hewa baridi iingie chini, ya moto itoke juu. Moto unapenda kwenda juu, sitaki kugombana nao."

"Ukitoboa chini na juu vitu vitaanguka na mvua itaingia."

"Inakaa ndani ya nyumba."

"Basi kwa nini unataka sanduku?"

Walibishana hivyo hadi wateja wengine wakaja kusimama wasikilize. Sanduku lilipokuwa tayari Opareta aliligonga kwa kidole cha kati, akalikataa. Bati lilikuwa jepesi, alisema, litaimba. Fundi akatengeneza la pili kwa bati nene. Akaligonga, akaligonga upande mwingine, akasema la pili lina upande mmoja unaoimba. Fundi alichukua nyundo. Kwa sekunde moja nilidhani anataka kumpiga nayo, na nisingemlaumu, lakini alikunja ukingo wa upande ule mara moja zaidi na kumrudishia.

"Gonga sasa."

Opareta akagonga. "Sasa ni sanduku," alisema. Kutoka kwake hizo zilikuwa sifa, lakini fundi hakujua, akabaki amenuna.

Yaliyofuata yalifanyika kwenye chumba chetu, kati ya simu na wagonjwa, nami niliyaona yote. Alihamisha matumbo ya kompyuta kutoka lile sanduku refu, na feni pana akaifunga kwenye tundu la juu. Alikata tyubu ya baiskeli vipande virefu, akaifunga ile diski inayokwaruza katikati ya sanduku kama mtoto kwenye bembea, isiguse bati popote, na mkwaruzo ukapungua ukawa mnong'ono. Alibandika vipande vingine vya tyubu kwenye kuta za ndani. Chini aliweka miguu ya mpira ili hewa ipate pa kupita. Vumbi la Kitui alilizuia kwa soksi ndefu ya mkewe, aliyoivuta juu ya matundu. Mkewe alipopiga simu kuuliza soksi iko wapi, alimwunganisha na mimi.

Kupima joto nako kulikuwa na mambo yake. Aliweka tone la mafuta ya kupikia yaliyoganda juu ya kile kipande cha chuma kinachopoza moyo wa kompyuta, ili akigusa na kulikuta limeyeyuka ajue joto limezidi. Nilimwambia hapa kwetu mafuta yanayeyuka hata kwenye kopo. Hakusikia. Siku nzima chumba kilinuka kama mtu anakaanga mandazi, na wagonjwa waliokuwa hawajala walikuwa wanachungulia dirishani.

Nilikasirika kweli kweli siku ya kiondo. Nilikuwa na kiondo changu cha katani, nilichosukiwa na mama yangu mzazi, chenye mistari ya kahawia. Nilitoka kupeleka kadi wodini. Nilipokuja kukichukua ili niende nyumbani nilikiinua, na vitu vyangu vyote vikabaki chini, mkate, sabuni, kitambaa. Hakikuwa na kitako. Opareta alikikata akakiweka chini ya sanduku lake, kwenye rafu, kwa sababu ubao wa rafu ulikuwa ukibeba mtetemo.

Nilikaa kitini. Nadhani nililia.

"Mama Mwende," alisema.

"Usiniite."

"Nilidhani ni ile yako ya zamani, ya kutupa."

"Ulidhani. Uliniuliza?"

Akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kutoka kwake, "Nikisikia vibaya tena nitamwambia nani tena mtoto wake amekufa?"

Niliokota vitu vyangu nikavifunga kwenye leso. Kesho yake mkewe alikuja mwenyewe kutoka Kwa Vonza na kiondo kipya, akaniwekea dirishani, akaondoka bila hata kuingia kumsalimia mumewe. Nadhani na yeye alikuwa amechoka.

Na hapo, kabla ya mvua, msimamizi akaja. Ilikuwa mchana wa jua kali. Alishika mlango kama kawaida yake, akatazama miguuni pangu, hakuna kitu. Akatazama mezani. Hakuona hata skrini. Opareta alikuwa ameiondoa skrini pia, kwa sababu, alisema, inapiga filimbi. Hakuna mtu mwingine katika hospitali nzima aliyewahi kuisikia filimbi hiyo. Lakini yeye hakuihitaji, na mimi niliyekuwa nikitaka kuona anachoandika nilibaki gizani kuliko yeye.

"Kwa hivyo mzee umeshindwa," msimamizi alisema, kwa huruma. "Si neno. Hata mimi hizi mashine sizijui. Mbona hamjaiwasha?"

"Imewaka tangu asubuhi," alisema Opareta. Akagonga kitufe, na chini ya swichibodi, kutoka kwenye rafu ya vitabu vya simu, Mzungu mwenye mafua akaanza kusoma barua ya daktari kuhusu mgonjwa wa goti.

Msimamizi aliachilia mlango. Aliinama, akaweka kiganja juu ya sanduku, kwenye tundu la juu, akahisi upepo mdogo wa vuguvugu. Akaweka sikio. Alikaa hapo chini muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akikaa mahali popote.

"Sawa," alisema aliposimama. "Sawa, mzee. Utabaki."

Opareta alibaki. Simu mpya zikaja, swichibodi ikabebwa na watu wanne, na yeye akahamia kupiga chapa barua. Na hapa ndipo aliponishinda kabisa kumwelewa. Baada ya taabu yote hiyo ya kunyamazisha, alipewa printa, ile ya sindano zinazogonga karatasi, ambayo ikianza kuchapa utafikiri mtu anapasua bati kwa msumeno. Wagonjwa walikuwa wanashtuka. Nikamwambia, sasa hii utaifanyaje, utaifungia wapi? Akacheka. Alisema hiyo aiache ilie. Alikuwa akiisikiliza ameegemea kiti, mikono tumboni, kama mtu anayesikiliza mpira redioni. "Hiyo ni kazi imeisha," alisema. "Si kelele."

Niliziba masikio miaka yote hiyo. Hakuwahi kunishukuru kwa lolote. Alipostaafu waliagana naye kwa soda na keki, na msimamizi akampa ile mashine aende nayo, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeweza kuitumia. Alilibeba sanduku chini ya kwapa, akatoka. Chumba kikawa changu peke yangu. Niliburuta kiti siku hiyo kwa makusudi, kutoka ukuta hadi ukuta.

Nilimwona tena miaka michache baadaye. Alikuwa amehamia Kibwezi, kwenye shamba lake, nami nilikuwa natoka kumtembelea binti yangu Mwende, aliyeolewa upande huo. Nikaona nikipita bila kumsalimia nitajilaumu.

Nyumba yake ilikuwa karibu kabisa na barabara ya Mombasa. Malori yalikuwa yanapita bila kukoma, vikombe vinatetemeka mezani. Nilishangaa mtu kama yeye kukaa hapo. Alikuwa akiwapigia chapa barua watu wa kanisa na wakulima wa mboga wa kule mtoni, na lile sanduku lilikuwa kwenye kimeza karibu na dirisha, limechubuka rangi. Alinisalimia kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Nilipomjibu aligeuza kichwa chote, akanielekezea sikio la kulia.

Jikoni mkewe alinishika mkono. "La kushoto limekufa," alisema chini kwa chini. "Na la kulia linafuata. Usimwambie nimekuambia. Anasema ni watu wa siku hizi hawafungui mdomo."

Nilirudi sebuleni nikakaa. Alikuwa ameshika kitufe cha kile kisanduku cha kusema, amekizungusha hadi mwisho, na Mzungu wake alikuwa anapiga kelele nyumba nzima. Akakizima. Akaweka vidole vyake juu ya bati.

"Mama Mwende," alisema. "Hii mashine inalia?"

Ilikuwa inalia. Tangu nilipoingia nilikuwa nimeisikia, feni inasaga kitu, kama punje za mchanga kwenye jiwe, hata malori hayakuuficha mlio huo. Nilifikiri kumwambia haina neno. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni ananitazama, na nadhani alitaka nimwambie hivyo.

"Inalia sana," nilisema.

Hakushtuka. Alitikisa kichwa polepole, mara kadhaa. "Tangu lini?"

"Nitajuaje? Mimi nimefika sasa hivi."

"Ni upande gani?"

Niliinama, nikaweka sikio. "Juu. Ni feni. Imekauka, au vumbi limeingia."

"Vumbi," alisema. "Nilibadilisha soksi." Akapapasa chini ya kimeza akatoa bisibisi, na chupa ya mafuta ya cherehani, akaviweka vyote mbele yangu. Nilimwambia mimi sijawahi kufungua mashine maishani mwangu, na nina basi la kurudi Kitui la saa tisa. Akasema si kazi ya muda mrefu. Akasema nianze na ile skrubu ya nyuma, ya kushoto, si hiyo, ile nyingine, na nisiilazimishe. Nilitoa ya kwanza. Nikatoa ya pili, ikanianguka, nikapiga magoti kuitafuta huku yeye anaeleza juu ya kichwa changu jinsi skrubu inavyopaswa kushikwa.

Kifuniko kilikuwa bado hakijatoka basi la saa tisa lilipofika. Lilipiga honi pale barabarani mara mbili, ndefu, likangoja, likaondoka. Opareta aliendelea kunielekeza. Sikumwambia.